Hesabu ya Anayekuja

Mhadhara uliotolewa mjini Embu mbele ya walimu wa historia, wazee na wanafunzi. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mstari wa mbele, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama ukutani: muga. Najua niko Embu na hiyo ni salamu ya Kimeru, lakini mgeni akisalimu kwa lugha ya kwao hujafukuzwa shambani kwako.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya namna mataifa madogo yanavyojilinda kando ya jirani mwenye nguvu. Ilitaja Finland, Singapore na Taiwan. Niliisoma mara mbili nikajiuliza: mtu aondoke Chogoria, avuke mto Thuci, aje mpaka Embu, ili awaeleze watu wa Embu habari za Taiwan? Hapa tulipokaa pana kisa kizima cha somo hilo. Mji huu wenyewe ulizaliwa kama boma la askari mwaka 1906, baada ya watu wadogo kushindwa na mtu mkubwa.

Kwa hiyo kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kinga ya mdogo haikai katika silaha zake. Inakaa katika hesabu anayoifanya yule anayetaka kumvamia, na siku hesabu hiyo ikibadilika, mkuki ule ule uliomlinda babu haumlindi mjukuu. Nitatumia mifano ya mteremko huu wa Mlima Kenya, kisha nitatoka nje kidogo. Nina hoja sita. Baadhi ni ndefu na nyingine nitazipita mbio, maana nimeambiwa gari la kurudi haliningoji.

Kwanza: nungunungu hashindi, anafundisha hesabu

Nilipokuwa mdogo, nyanya yangu alikuwa na shamba la viazi vitamu lililopakana na msitu. Nungunungu walikuwa wakija usiku. Mbwa wetu, mkali kweli kweli, alimfukuza mmoja usiku wa manane, na asubuhi tukamkuta amejikunja chini ya ghala, pua na mdomo vimejaa miiba. Babu alimbana shingo kwa magoti akaing'oa mmoja mmoja kwa koleo la kutengenezea baiskeli. Nilihesabu kumi na saba. Mbwa alipona. Tangu siku hiyo alikuwa akimsikia nungunungu anabweka, tena kwa bidii, lakini akiwa mlangoni.

Nungunungu hakumshinda mbwa. Mbwa alikuwa na nguvu za kumwua wakati wowote. Kilichobadilika ni kwamba mbwa alijua bei.

Sasa tazameni watu wa mteremko huu katika karne ya 19: Waembu, Wambeere, Wachuka, Muthambi, Mwimbi, Igoji, Imenti, Tharaka, Tigania, Igembe. Hawakuwa na mfalme wala jeshi la kudumu. Kila kigongo kilikuwa na wazee wake na vijana wake. Ng'ambo ya nyanda za kaskazini na magharibi walikuwako Wamaasai, na hasa wale wa Laikipia kabla hawajavunjwa na Wamaasai wenzao katika miaka ya 1870. Uwanjani, nyasi zikiwa fupi na jicho likiona mbali, hakuna mtu wa mlimani aliyetaka kukutana na safu ya morani. Mlimani mambo yalikuwa mengine.

Wachuka ndio mabingwa wa jambo hili, na kama kuna Mchuka hapa ndani anyanyue mkono tumwone. (Walinyanyua wengi.) Waliuacha msitu mnene usimame kati yao na njia ya adui. Ndani ya msitu walipitisha vijia vyembamba ambamo watu hupita mmoja mmoja, wakaviziba kwa malango ya magogo, na pembeni wakachimba mashimo. Morani aliyezoea kupigana bega kwa bega alijikuta nyuma ya mgongo wa mwenzake, ngao yake ndefu ikikwama kwenye matawi, asijue kama majani anayokanyaga yamelala juu ya udongo au juu ya shimo. Na tuseme amefika, amepata ng'ombe. Hao ng'ombe atawatoaje? Kijia kile kile, mmoja mmoja, wenye ng'ombe wakiwa wameshaamka.

Kuamka kwenyewe kulipangwa. Upande wa Meru vijana waliokwisha kutahiriwa, nthaka, waliishi pamoja katika gaaru, nyumba kubwa ya wapiganaji. Watu huisifu gaaru kama shule ya adabu na ujasiri, na ilikuwa hivyo, ila mimi naiona pia kama jibu la swali la kawaida kabisa: usiku wa manane, utawaamshaje vijana wote kwa mara moja? Wakilala kila mtu kwa mama yake, ng'ombe watakuwa wameshavuka mto.

Hayo yote hayakumzuia Mmaasai asije. Alikuja, na mara nyingine alifaulu. Lakini mvamizi wa ng'ombe anahesabu faida na hasara kama mfanyabiashara mwingine yeyote, na kwa miaka mingi mteremko huu ulikuwa duka la bei kali.

Pili: muda nao ni ngome

Kabla ya Mmaasai, masimulizi ya Wameru yana jirani mwingine mwenye nguvu. Wazee watanisahihisha, maana kila nyumba ina namna yake ya kukisimulia kisa hiki. Wameru walikaa mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Wanahistoria kadhaa wamekisia kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, kule Lamu. Kama ndivyo, basi jirani huyo wa kwanza alitoka katika pwani hii hii iliyotupa lugha ninayoizungumza sasa, na mimi sina kinyongo.

Nguo Ntune waliwapa mitihani isiyowezekana. Wakataka ndama anayekunya mavi meupe. Wazee wakamlisha ndama maziwa matupu. Wakataka kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wazee wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya koo la fahali. Tunda likatumbukizwa katika shimo refu, likatakiwa litolewe bila kuchomwa. Wakalijaza shimo maji, tunda likaelea. Mwisho wakatakiwa kufua mkuki wa kufika mawinguni. Hapo wazee hawakubisha. Walisema kazi hiyo inataka maandalizi. Na wakati Nguo Ntune wakisubiri mkuki, watu wakafunga mizigo. Kundi moja lilivuka maji usiku, jingine alfajiri, jingine jua limechomoza, ndiyo maana mpaka leo koo za Wameru hujigawa kuwa nyeusi, nyekundu na nyeupe.

Watoto husimuliwa kisa hiki kama hadithi ya werevu. Mimi nawaomba mkisome kama somo la diplomasia. Tazameni kwamba wazee hawakusema hapana hata mara moja. Kila sharti lilitimizwa, au lilikubaliwa, na kila kukubali kulinunua siku kadhaa. Mwenye nguvu anapokutaka ufanye lisilowezekana, mara nyingi anatafuta sababu ya kukupiga. Ukikataa umempa. Ukimwambia "tumeanza kukusanya mkaa wa kufulia," umemnyima sababu na umempa kazi ya kungoja.

Ila werevu huo una mwisho. Mwisho wa kisa cha Mbwaa ni watu kuhama. Leo hakuna pa kuhamia, kila ardhi ina mwenyewe na hati, na muda ulionunuliwa bila kufanyiwa kazi unaisha tu kama muda wa maongezi kwenye simu.

Tatu: kiapo

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa mlima huu walipowazidi wengi walioandikwa vitabuni.

Kulikuwa na kitu kiitwacho gichiaro. Makundi mawili, mara nyingi ya watu tofauti kabisa, kwa mfano makundi ya Tharaka na makundi ya Tigania au Igembe, yalifungwa na undugu wa kiapo. Damu isimwagike kati yao. Ndugu wa gichiaro akija na njaa, hapimiwi, akiomba, anapewa. Anayevunja hapelekwi kwa mahakama yoyote, laana inamfuata yeye na mifugo yake na watoto wake. Wako watu katika chumba hiki ambao hata leo hawawezi kubishana bei na mtu wa gichiaro sokoni. Nimewaona wakiacha chenji.

Fikirini faida yake. Tharaka wako bondeni, kwenye joto na mvua haba. Tigania na Igembe wako Nyambene juu, penye chakula. Mwenye njaa aliye chini ya mwenye shibe ndiye mvamizi wa asili. Gichiaro iliugeuza uadui huo kuwa mlango wa nyuma: ukame ukija unapanda kuomba, hupandi kuiba. Na vijana ambao wangekesha wakilinda upande ule wakaachiwa walinde upande mwingine. Mdogo hawezi kulinda pande zote nne. Kila upande unaoufunga kwa kiapo ni mikuki umeirudisha nyumbani.

Sasa turuke mpaka 1963, maana serikali yetu changa ilifanya jambo lile lile bila kuliita gichiaro. Mwezi Juni mwaka huo, miezi sita kabla ya Uhuru, DC wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na Chifu Haji Galma Dido waliuawa wakiwa safarini kikazi, na watu waliotaka kaskazini iungane na Somalia. Mnaopita Wabera Street Nairobi mkitafuta matatu, huyo ndiye mwenye jina. Kati ya Isiolo na mji wa Meru hapafiki hata mwendo wa saa mbili. Bendera ya Somalia ilikuwa na nyota yenye pembe tano, na pembe moja ilikuwa Kaskazini mwa Kenya. Mwaka huo huo Somalia ikakubali msaada wa Umoja wa Kisovieti wa kujenga jeshi la watu wapatao 10,000. Sisi tulirithi vikosi vichache vya Keya, jeshi la wakoloni, ambavyo vilibadilishwa jina vikawa Kenya Rifles, na Januari 1964 baadhi ya askari wake wakaasi kule Lanet. Kwa upande wa bunduki, tulikuwa mdogo.

Kenyatta akafanya nini? Mwaka 1963 Kenya na Ethiopia ya Haile Selassie zilifunga mkataba wa kusaidiana katika ulinzi. Somalia ilikuwa na madai kwa wote wawili, Ogaden kule na kaskazini huku. Kwa mkataba ule, yeyote aliyekaa Mogadishu akipanga kumgusa mmoja alilazimika kuwahesabu wawili. Haile Selassie ameondoka, utawala wa kijeshi wa Derg umekuja ukaondoka, vita na njaa vimepita, na Addis Ababa na Nairobi hazijawahi kupigana. Hiyo ndiyo gichiaro.

Kuna undugu mwingine, ule wa kukodi, nao ni lazima tuuseme. Mwaka 1964 tulipatana pia na Uingereza, na mpaka leo askari wake wanafanya mazoezi Nanyuki na Laikipia, upande wa pili wa mlima huu. Mkubwa wa kukodi anakulinda na mkubwa mwingine, ni kweli. Lakini Machi 2021 moto ulizuka Lolldaiga wakati wa mazoezi yao ukateketeza maelfu ya ekari, na wanakijiji wakalazimika kwenda mahakamani. Ndugu wa gichiaro anakuogopa kwa laana. Ndugu wa kukodi ana mwanasheria.

Nne: mwaka ambao hesabu ilibadilika

Sasa nifike 1906, na naomba ruhusa ya wazee wa Embu, kwa kuwa mimi ni mtu wa ng'ambo ya Thuci nazungumzia msiba wa mwenyeji ndani ya nyumba yake.

Waingereza walikuwa wameshawapiga Wandia na Wagichugu, majirani wa Waembu, mwaka 1904. Waembu walikuwa wapiganaji wenye jina. Waliwavamia majirani zao na majirani waliwavamia. Majirani hao walipokuwa chini ya Mwingereza, kuwavamia kukawa kumvamia Mwingereza. Katikati ya 1906 askari wa Keya wakaja, wenye bunduki za kisasa. Waembu walipigana. Walishindwa, mifugo yao mingi ikatekwa, na katika ardhi yao boma likajengwa.

Watu husema: bunduki. Ni kweli, ngozi ya nyati haizuii risasi. Lakini jibu hilo ni fupi mno, na linatufanya tudhani kwamba Waembu wangekuwa na bunduki mia mbili wangeshinda. Mimi nasema mambo mawili mengine yaliwaua.

La kwanza, mgeni huyu hakuwa akihesabu ng'ombe. Ulinzi wote wa mteremko huu, msitu, kijia, shimo, gaaru, ulijengwa kwa ajili ya mtu ambaye lazima arudi kwao. Mtego wa Wachuka ulikuwa mtego wa njia ya kurudi. Mwingereza hakuwa na haraka ya kurudi. Alichukua mifugo ili kuvunja nguvu, kisha akakata miti ya mlingoti wa bendera. Unamwadhibu vipi mvamizi kwa kumfungia njia ya kutoka, wakati yeye hana nia ya kutoka?

La pili, viapo vilikuwa na mashimo. Waembu walikuwa na maadui kila upande, na safari za kijeshi za Waingereza za miaka ile zilikuwa na desturi ya kuwachukua wapiganaji wa jirani, Wamaasai hasa, na kuwalipa kwa mifugo iliyotekwa. Mgeni alipofika mlimani hakukuta watu wa mlima. Alikuta vigongo, kila kimoja kikifurahia kuungua kwa kingine. Wazee hawa mbele yangu wanatikisa vichwa, na mimi natikisa na wao.

Kisha habari zikapanda mlima. Mwaka 1908 Edward Horne alifungua kituo Meru. Watu wakampa jina la Kangangi, mzururaji mdogo, kwa jinsi alivyotembea. Hapakutokea upande ule vita kama vya Embu. Wameru walikuwa wameshaona bei ya kupigana, na walikuwa hawajailipa wao.

Kuna utani kati yetu juu ya jambo hili. Mwembu atakwambia, "Sisi tulipigana, nyinyi mlikuja na kondoo wa kusalimu." Mmeru atakujibu, "Sisi tulitumia macho." Utani ni mzuri, lakini kama hukumu haufai. Waembu ndio waliolipa ada ya shule, na Wameru wakasoma bure. Kama Embu isingepigana, Imenti wangeijua wapi nguvu ya bunduki ya Maxim? Na kusalimu kwenyewe hakukuwa bure. Kodi ya nyumba ilikuja. Ardhi ya Timau ikaenda kwa walowezi. Mwaka 1917 vijana wakakusanywa kwa nguvu kwenda vita vya Wazungu kama wapagazi wa Kariakoo, na wengi hawakurudi wala kaburi lao halijulikani.

Lakini kitu kimoja kilibaki. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, haikuvunjwa. Iliingia chini, ikangoja, na katika miaka ya 1930 na 1940 DC mmoja aliyeitwa Lambert akaona kwamba hawezi kutawala Meru bila hiyo, akaitambua. Leo ipo, ina makao yake Nchiru, na wanasiasa wanapanda huko kila uchaguzi wakiwa na nyuso za unyenyekevu. Mdogo anayejua kwamba uwanja utamshinda anapaswa kuuliza mapema: nikishindwa, nini lazima kibaki kizima? Hilo Wameru walilijibu vizuri kuliko wengi.

Nitoke nje mara moja nirudi. Novemba 1939 Wasovieti waliivamia Finland, nchi ya watu wasiofika milioni nne. Wafini walifanya Uchuka mtupu: msitu, theluji, barabara nyembamba, safu ndefu ya adui inakatwa vipande vipande kama muwa. Walidumu siku 105. Walipoteza kama asilimia 10 ya ardhi yao, ila hawakumezwa, tofauti na Estonia, Latvia na Lithuania. Kwa nini msitu uliwafaa wao na haukuwafaa Waembu? Nadhani ni kwa sababu Moscow, ijapokuwa ilikuwa na nguvu za kumaliza kazi, ilikuwa na mambo mengine Ulaya ya kutumia askari hao. Ilikuwa bado inahesabu bei. Na Aprili 2023 Wafini, baada ya kuona kilichoipata Ukraine, wakaingia katika gichiaro kubwa zaidi, NATO.

Kabla sijaiacha hoja hii, kuna jambo la karibu. Mwaka 1953 na kuendelea, vijana wa Embu na Meru walirudi msituni, safari hii kama wapiganaji wa Mau Mau. Msitu uliwaficha tena. Serikali ikafanya nini? Ikawalazimisha wanakijiji, wanawake kwa wanaume, kuchimba handaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, urefu wa kilomita 80 hivi, na ndani yake ikapandikiza mianzi iliyochongwa. Mama yangu alibeba udongo huo kwa karai akiwa msichana. Angalieni: ni mashimo yale yale ya Wachuka. Aliyekuwa akizuiwa na mashimo alijifunza kuyachimba, akayageuza yatazame ndani, na mtu wa msituni akatenganishwa na sufuria ya mamaye. Adui anasoma. Ulinzi uliofanikiwa jana, mtu mahali fulani anauandikia maelezo.

Tano: shingo ya chupa

Hii nitaisema kwa ufupi. Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa na ndege za kivita za Kisovieti na jeshi kubwa kuliko letu, alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Kenya haikupeleka vifaru. Wananchi waliandamana, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda, na mafuta ya Amin yalipita Mombasa. Akarudi nyuma, akasema hakueleweka. Miaka miwili baadaye aliigusa Tanzania kule Kagera, ambako hapakuwa na bomba la kumfungia, na ilimlazimu Nyerere kupeleka jeshi mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mdogo mwenye mkono juu ya bomba la mkubwa ana bunduki isiyohitaji risasi. Mradi mkubwa asijenge bomba jingine.

Sita: sisi nasi ni jirani wa mtu

Hoja hii sikuiandika katika muhtasari niliomtumia Mwenyekiti, naye sasa ananitazama.

Tumezoea kujiona wadogo. Lakini kwa Somalia ya leo, mkubwa ni nani? Tangu Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya wameingia Somalia, na wana sababu ya kuwa huko. Nani amesahau shambulio la Westgate, nani amesahau la Garissa? Ila katikati ya hayo, mwaka 2014, Somalia iliyokuwa haina hata jeshi la kulinda mji wake mkuu bila msaada wa wageni, ilichukua ramani za bahari ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Haikuwa na manowari. Ilipeleka wanasheria. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikachora mpaka ulioipa Somalia sehemu kubwa ya bahari iliyogombaniwa, na Kenya ikaikataa hukumu.

Mimi ni Mkenya na sikufurahia hukumu ile. Lakini nikiwa mwalimu wa somo hili lazima nimpe mwanafunzi alama zake: mdogo alitafuta uwanja ambao ukubwa wetu haukuwa na kazi. Na namna tulivyojibu, kwa kusema hatuitambui, ndivyo wakubwa wote hujibu. Tumekuwa Nguo Ntune wa mtu.

Nasema hivi si kwa kuichokoza serikali. Tulikuwa hivyo hata zamani. Vita vya Shifta, vile vya kugombania kaskazini, vilikwisha kwa karatasi, Oktoba 1967, Arusha, Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi kati ya Kenyatta na Egal, Waziri Mkuu wa Somalia. Lakini kabla ya karatasi hiyo, kuanzia 1966, watu wa kaskazini walikuwa wamekusanywa katika vijiji vya kulindwa na mifugo yao ikafa kwa wingi. Sisi tuliochimbishwa handaki mwaka 1953 tuliwafungia wengine miaka 13 baadaye. Ukitaka kujua kwa nini mpaka wa Meru na Isiolo bado unawaka kila ukame, usianzie na ng'ombe walioibwa juzi.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Niseme linalokuja.

Katika maisha ya wanafunzi hawa waliosimama ukutani, mlima huu utagombaniwa tena, na safari hii kitakachogombaniwa ni maji. Mito inayoshuka upande huu kwenda Tana, na ile inayoshuka upande wa pili kwenda Ewaso Nyiro, inapungua, na wanaokaa chini wanaongezeka. Anayekaa juu atajiona mkubwa. Anayekaa chini atatafuta msitu wake, kiapo chake, au mahakama yake. Ndege zisizo na rubani hazitajibu hilo, na bajeti ya ulinzi inayosomwa kila Juni haina kifungu chake.

Lina mahali pa kuanzia, nacho ni viapo ambavyo bado viko hai. Nani ana gichiaro na nani? Ukoo gani wa Tharaka, kundi gani la Igembe? Je, Wambeere na Waembu walipatana vipi baada ya kupigana? Kuna viapo vyovyote vilivyovuka kwenda kwa Waborana na Wasamburu? Walioyajua hayo wanakufa kila mwezi, na mazishi yao tunahudhuria.

Pale mlangoni nimeweka daftari 40, kurasa 96 kila moja. Mwanafunzi achukue moja, aende kwa babu au bibi aliye karibu naye, aandike jina la kiapo, upande wa pili wa kiapo, na mara ya mwisho kilipotumika. Msiwaharakishe wazee, na mkienda msiende mikono mitupu, bebeni sukari. Naomba daftari zirudi kwa Mwenyekiti kabla ya mvua za Oktoba. Kama maswali ni mengi, nitalala Embu.